Kupeleka kazi za TEHAMA ng'ambo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa ajili ya mwenye kampuni, meneja au mkuu wa kitengo cha TEHAMA aliyeletewa pendekezo la kupeleka kazi nchi nyingine na sasa anatakiwa kusema ndiyo au hapana. Umewafikiria pia wale ambao kazi yao ndiyo inayojadiliwa mezani. Niseme msimamo wangu mapema: kupeleka kazi ng'ambo kunaweza kuinufaisha biashara, na kampuni nyingi zimenufaika. Zinazoumia ni zile zinazosafirisha kazi pamoja na uelewa wa kazi, zikabaki nyumbani bila mtu hata mmoja wa kukiangalia kilicholetwa na kusema, "Hapa pamekosewa."

Je, kupeleka kazi ng'ambo ni sawa na kumpa kazi mkandarasi?

Hapana, ingawa mara nyingi mambo hayo huenda pamoja. Jiulize mawili: nani anaifanya kazi, na anaifanyia wapi. Mwaka 1989 Eastman Kodak, kampuni ya Marekani ya kamera na filamu, iliikabidhi IBM kazi ya kuendesha vituo vyake vya kompyuta. Kazi ilitoka mikononi mwa kampuni, lakini ilibaki Marekani. Miaka minne kabla ya hapo, 1985, Texas Instruments, kampuni ya Marekani ya vifaa vya elektroniki, ilifungua ofisi Bangalore, India. Kazi ilivuka bahari, lakini waliokuwa wakiifanya walikuwa waajiriwa wa Texas Instruments wenyewe. Njia hii ya pili imekua mno: India sasa ina vituo zaidi ya 1,700 vinavyomilikiwa na kampuni za kigeni zenyewe, bila mkandarasi katikati.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu hatari zake hazifanani. Mkandarasi ana wateja wengine, na mhandisi hodari uliyemzoea anaweza kuhamishiwa kwa mteja mkubwa kuliko wewe bila kuulizwa. Kituo chako mwenyewe kinakupa usemi wote, lakini itabidi usajili kampuni, uajiri, ukodi ofisi na ulipe kodi za huko. Kwa timu ndogo, gharama hizo za kuanzia humeza faida yote.

Ipo pia njia ya kwenda karibu: kampuni za Marekani kuchukua watu Mexico au Kosta Rika, za Ujerumani kuchukua watu Poland. Mishahara huko kwa kawaida ni mikubwa kuliko ya India, lakini saa za kazi zinakutana. Baada ya kusoma jibu la tofauti ya saa hapo chini utaona kwa nini wengi wako tayari kulipia hilo.

Kwa nini kila mara inatajwa India?

Kwa sababu ilianza mapema na ilikuwa na watu. Tata Consultancy Services ilianzishwa mwaka 1968, Infosys 1981. Kulikuwa na wahandisi wengi wanaozungumza Kiingereza na mishahara iliyokuwa sehemu ndogo ya ile ya Marekani au Ulaya. Kilichofungua mlango ni tatizo la mwaka 2000. Programu za zamani zilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili tu, hivyo 00 ingeweza kusomeka kama 1900. Kampuni za Magharibi zilihitaji maelfu ya watu wa kupitia mamilioni ya mistari ya programu zilizoandikwa kwa COBOL, lugha ya zamani ya kompyuta, tena kabla ya tarehe isiyoweza kuahirishwa. Kampuni za India ziliichukua kazi hiyo na kuifanya vizuri, na uaminifu uliojengwa hapo ndio ulioleta mikataba iliyofuata.

Wakati huohuo nyaya nyingi mpya za intaneti zilikuwa zimelazwa baharini, na bei ya kusafirisha data ikaanguka. General Electric ilikuwa na kanuni iliyojulikana kama 70-70-70: asilimia 70 ya kazi ipewe wakandarasi, asilimia 70 ya hiyo ifanyiwe ng'ambo, na asilimia 70 ya hiyo ifanyiwe India. Ukizidisha unapata kama theluthi moja ya kazi yote. Leo sekta ya TEHAMA India inaajiri zaidi ya watu milioni 5. Ufilipino nayo imejijengea jina katika huduma kwa wateja kwa simu.

Tutaokoa kiasi gani hasa?

Kidogo kuliko kilichoandikwa kwenye pendekezo. Tufanye hesabu kwa namba za mfano, kisha uweke zako.

Una wahandisi 10, kila mmoja anakugharimu dola 80 kwa saa ukijumlisha mshahara, bima na ofisi. Kwa saa 1,800 kwa mwaka, hiyo ni dola 1,440,000. Mkandarasi anakuja na bei ya dola 30 kwa saa: dola 540,000. Kwenye karatasi umeokoa zaidi ya asilimia 60, na hapo ndipo wakurugenzi hupiga makofi.

Sasa endelea kuhesabu. Unahitaji watu wawili wa kubaki nyumbani, mmoja wa kuandika mahitaji kwa ukamilifu na mwingine wa kukagua kazi inayorudi: dola 288,000. Kwa sababu ya kazi inayorudiwa na maelezo yanayopotea njiani, kazi iliyofanywa na watu 10 inahitaji 12: ongeza dola 108,000. Safari, ukaguzi wa usalama, wanasheria, njia salama za mtandao: tuseme dola 60,000. Jumla imefika dola 996,000. Akiba iliyobaki ni kama asilimia 31. Si mbaya hata kidogo, lakini ni nusu ya ile ya mwanzo.

Halafu kuna mwaka wa kwanza. Huwezi kuwaaga watu wako Ijumaa na kuanza na wengine Jumatatu. Utalipa timu zote mbili kwa wakati mmoja walau miezi mitatu, yaani dola 360,000 nyingine, na akiba ya mwaka huo inashuka chini ya asilimia 6. Ukiongeza malipo ya kuachishwa kazi, mwaka wa kwanza unaweza kuisha kwa hasara. Meneja aliyeahidi faida ndani ya robo mwaka ataanza kubana hapa na pale ili namba zipendeze, na kitu cha kwanza kubanwa huwa ni wale watu wawili wa kukagua. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, nami naomba daftari hilo liwe wazi mezani kabla ya saini.

Si ni kweli kwamba tofauti ya saa inatufanya tufanye kazi usiku na mchana?

Kwa kazi za zamu, ndiyo. Kuangalia seva, kujibu wateja, kushughulikia hitilafu za usiku: timu iliyo upande wa pili wa dunia inafanya hayo mchana wake, na hilo ni jambo jema kwa kila mtu. Kwa kazi ya kutengeneza programu, ambayo imejaa maswali, mambo hubadilika.

Chukua tiketi moja ya kawaida, yaani ombi la kurekebisha tatizo lililoandikwa kwenye mfumo. Kampuni iko New York, wahandisi wako Bangalore, na ni majira ya baridi, kwa hiyo tofauti ni saa kumi na nusu. Mtu wa uhasibu ameandika: "Tarehe za malipo ya wasambazaji zinakosewa, rekebisheni." Hakuna zaidi. Mhandisi anaifungua saa nne asubuhi ya Bangalore, ambayo ni saa tano na nusu usiku New York. Anaangalia faili na kukuta 03/04. Kwa Mmarekani hiyo ni tarehe 4 Machi. Kwa mhandisi, kama kwa sehemu kubwa ya dunia, ni tarehe 3 Aprili. Anauliza. Mhasibu anafika ofisini saa tatu asubuhi, anajibu mara moja kwa dakika mbili, lakini Bangalore sasa ni saa moja na nusu usiku na mhandisi yuko nyumbani. Jibu litasomwa kesho yake. Likizaa swali la pili, siku ya pili nayo imekwenda. Wangekaa chumba kimoja, yote yangekwisha kabla chai haijapoa.

Hilo ndilo tokeo zuri. Tokeo baya ni mhandisi kuogopa kuuliza kwa sababu mkataba unampima kwa idadi ya tiketi anazofunga, akaamua kukisia. Malipo ya 03/25 yatagoma, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, na kila mtu ataona hitilafu. Malipo ya 03/04 hayatagoma. Yatapita kimyakimya, yakiwa na tarehe isiyo yake, na msambazaji mmoja atalipwa mwezi mzima baadaye. Hakuna aliyekuwa mzembe hapo. Aliyekosea ni aliyeandika mkataba unaolipia kasi ya kufunga tiketi bila kuuliza kama tatizo limeisha.

Tiba yake ni rahisi kusema na inahitaji nidhamu kutekeleza: angalau saa tatu au nne kila siku ambazo pande zote mbili ziko kazini, na zigawane usumbufu wa kuamka mapema au kuchelewa kulala. Upande mmoja ukibeba usumbufu wote mwaka mzima, watu wake bora wataondoka.

Kazi zipi zinafaa kwenda, na zipi zibaki?

Kipimo changu ni kimoja: je, mtu asiyewahi kukanyaga ofisini kwenu anaweza kujua kwamba amemaliza, na amemaliza sawasawa? Kujaribu programu kwa orodha iliyoandikwa, kuhamisha mfumo wa zamani kwenda toleo jipya, kutunza hifadhidata, kusaidia watumiaji waliosahau nenosiri, hizo zina mwisho unaoonekana. Zinakwenda.

Kuamua mfumo ufanye nini, kuchagua muundo wake mkuu, kusimamia funguo na ruhusa za kuingia, kuzungumza na wateja ili kujua kero zao, hizo zibaki. Na abaki walau mhandisi mmoja au wawili wanaojua kusoma programu yenyewe. Kampuni isiyoweza kusoma programu zake haiwezi kubishana na bili ya mkandarasi, kwa sababu itakapoambiwa badiliko fulani linahitaji saa 400, hakuna mtu wa kuuliza kwa nini.

Kwa kampuni ambayo programu ndiyo biashara yenyewe, ningesita hata kwenye zile kazi zinazokwenda. Kile kinachokutofautisha na washindani wako hakifai kujulikana kwa kina na mtu anayewahudumia washindani haohao.

Ubora wa kazi utashuka?

Si kwa sababu ya uraia wa anayeifanya. Nasema hivi kwa msisitizo, kwa kuwa dharau kwa wahandisi wa ng'ambo imeenea na haina msingi: programu nyingi unazozitegemea leo zimeandikwa na kutunzwa na watu hao. Ubora hushuka kwa sababu zinazoweza kutajwa.

Kubwa kuliko zote ni watu kuondoka. Katika kipindi cha Aprili hadi Juni 2022, Infosys ilitangaza kwamba asilimia 28.4 ya wafanyakazi wake walikuwa wameacha kazi kwa hiari katika miezi 12 iliyotangulia. Tata Consultancy Services, inayosifiwa kwa kukaa na watu, ilifika asilimia 21.5 miezi michache baadaye. Hali imetulia tangu wakati ule, lakini fikiria maana yake kwa mteja: ndani ya mwaka mmoja zaidi ya robo ya watu uliowafundisha biashara yako wameondoka, na waliokuja wanaanza upya kwa gharama yako. Kwa hiyo uliza swali ambalo kitini cha mauzo hakina: watu watakaofanya kazi yetu wamekaa na mteja wao wa sasa kwa muda gani? Na dai kwenye mkataba kwamba gharama ya kumfundisha mgeni aliyechukua nafasi ya aliyeondoka ni ya mkandarasi.

Sababu nyingine ni mabadilishano ya sura. Kwenye mazungumzo ya zabuni hukaa wataalamu waliobobea. Mkataba ukisainiwa wanakuja vijana waliomaliza chuo jana. Andika majina, au angalau uzoefu wa miaka, ndani ya mkataba.

Data za wateja zitakuwa salama?

Inategemea umewaruhusu nani kuona nini. Mei 2025 Coinbase, soko la sarafu za kidijitali, ilitangaza kwamba wahalifu walikuwa wamewahonga baadhi ya wahudumu wa wateja waliokuwa nje ya Marekani ili watoe taarifa walizoweza kuziona kwenye skrini zao: majina, anwani, namba za simu, picha za vitambulisho. Watu 69,461 waliathirika. Hakuna aliyevunja mfumo. Wahudumu walitumia ruhusa waliyopewa. Wahalifu walidai dola milioni 20, kampuni ikakataa na badala yake ikatenga kiasi hichohicho kuwa zawadi kwa atakayesaidia kuwakamata. Makadirio ya gharama yalikuwa kati ya dola milioni 180 na 400.

Mfanyakazi wa ndani naye anaweza kuhongwa, hilo lisisahaulike. Lakini pengo kati ya mshahara wa mhudumu na thamani ya anachokiona kwenye skrini ni kubwa zaidi kazi inapopelekwa mahali pa mishahara midogo, na wahalifu wanaijua hesabu hiyo. Mhudumu aonyeshwe taarifa za mteja aliye kwenye simu wakati huo tu, namba nyeti zifunikwe, na kila upekuzi uache kumbukumbu inayosomwa na mtu. Wanaojaribu programu wapewe data za kubuni. Kutumia data halisi za wateja kwa majaribio ni uzembe ambao bado nauona umehalalishwa kwa kisingizio cha haraka.

Kisheria, ukiwa na wateja Ulaya, kanuni ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018 inakufuata popote. Wengi hudhani kwamba seva ikibaki Ulaya wako salama. Mtu aliyekaa India akiingia kwa mbali na kuziona data hizo, tayari hiyo inahesabika kuwa ni kuzihamisha nje, na inahitaji msingi wa kisheria. Faini hufika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya mwaka duniani kote, kile kilicho kikubwa. Mwaka 2023 Meta ilitozwa euro bilioni 1.2 kwa sababu ya kuhamisha data kutoka Ulaya kwenda Marekani.

Mambo yakiharibika, anayewajibika ni mkandarasi?

Kwa mteja wako na kwa mdhibiti, ni wewe.

Kisa cha benki ya TSB ya Uingereza kingestahili kusomwa na kila bodi ya wakurugenzi. Aprili 2018 benki hiyo ilihamisha wateja wake wote kwenda mfumo mpya uliojengwa na kampuni dada ya Hispania, Sabis, iliyokuwa chini ya benki mama ya Sabadell. Data zenyewe zilihama vizuri. Mfumo uliozipokea ndio ulioyumba. Wateja walishindwa kuingia kwenye akaunti zao, matawi yote yaliathirika, na hali haikurudi kuwa ya kawaida hadi Desemba. Benki ilikuwa na wateja zaidi ya milioni 5, na fidia kwao ilifika pauni milioni 32.7. Sabis yenyewe ilikuwa imetegemea makumi ya wakandarasi wengine nyuma yake, ambao benki haikuwa na mkataba nao wa moja kwa moja.

Desemba 2022 wadhibiti waliitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65. Benki ndiyo iliyotozwa, si aliyejenga mfumo. Mwaka uliofuata, aliyekuwa mkuu wa TEHAMA wa benki alitozwa pauni 81,620 yeye binafsi, kwa kutochukua hatua za kutosha kuhakikisha kwamba mtoa huduma huyo anasimamiwa ipasavyo na yuko tayari. Alikuwa amepewa uthibitisho na Sabis kuhusu utayari wake; wadhibiti waliona haukutosha.

Funzo la kazi hapo ni kwamba barua ya mkandarasi inayosema "tuko tayari" haina thamani hadi mtu wako ameujaribu mfumo kwa mzigo halisi wa wateja. Ujue pia mkandarasi wa mkandarasi wako ni nani, na uwe na haki ya kumkagua.

Programu tutakayotengenezewa itakuwa mali yetu?

Usidhani hivyo kwa sababu tu umeilipia. Katika nchi nyingi, kazi ya mwajiriwa ni ya mwajiri, lakini kazi ya mkandarasi hubaki ya mkandarasi hadi aikabidhi kwa maandishi. Mkataba useme hivyo, na useme pia kwamba programu inahifadhiwa kila siku kwenye akaunti yako wewe, si yake. Sentensi hii ya mwisho imeokoa kampuni nyingi kuliko vifungu vyote vya sheria.

Wafanyakazi wetu tuwaambie nini, na lini?

Ukweli, mapema. Ukichelewa watajua kwa njia nyingine, na watakaoanza kuondoka ni wale wenye soko, ambao ndio unaowahitaji wakati wa makabidhiano.

Kuna jambo moja ambalo linanigusa. Mwishoni mwa 2014 wafanyakazi kama 250 wa TEHAMA wa Disney huko Florida waliambiwa kwamba kazi zao zinaondoka, na wengi wao walitakiwa kutumia siku zilizobaki kuwafundisha watu wa kampuni ya India waliokuja kuchukua nafasi zao. Sheria iliruhusu. Lakini mtu aliyefanya kazi miaka mingi anakaa kwenye kiti akieleza siri za kazi yake kwa atakayempokonya mkate, na mwajiri anategemea aeleze yote. Hawezi. Hata akiwa mwungwana, ataeleza alichoulizwa na kunyamazia kisichoulizwa, na kisichoulizwa ndicho kinachobomoa mfumo usiku wa kufunga hesabu za mwezi.

Kama makabidhiano ni lazima, lipa vizuri kwa ajili yake: malipo ya ziada kwa anayebaki hadi mwisho, nafasi nyingine ndani ya kampuni kwa wanaoweza kujifunza kusimamia wakandarasi, na muda wa kutosha. Hilo ni deni la utu, na kwa bahati njema lina faida pia kwenye hesabu.

Na walio upande wa pili, wananufaika?

Wengi, ndiyo. Katika miji kama Bangalore, Hyderabad na Manila kazi hizi zimejenga tabaka zima la kati, na baadhi ya waliofunzwa humo wamekuja kuanzisha kampuni zao. Wanaoteseka ni wale wa zamu za usiku za kudumu, na wale wa chini kabisa kwenye ngazi: wanaopitia picha na maandishi machafu ili wengine wasiyaone. Mnunuzi wa huduma anaweza kuuliza mshahara wa chini ni kiasi gani na zamu hupangwaje. Wachache huuliza. Ningependa liwe swali la kawaida kama lile la bei.

Kodi zinaathirika vipi?

Muulize mtaalamu wa nchi yako, lakini ujue kwamba inaweza kugeuza hesabu nzima. Marekani ni mfano mzuri: tangu 2022, gharama za kutengeneza programu nje ya nchi haziondolewi zote kwenye mapato yanayotozwa kodi ya mwaka huohuo, zinagawanywa kwa miaka 15. Sheria ya Julai 2025 imeruhusu tena zile zilizofanyika ndani ya nchi ziondolewe mara moja, lakini za nje zimebaki kwenye miaka 15. Pendekezo lililoandikwa kwa bei ya saa peke yake halionyeshi hilo.

Vita, mafuriko, nyaya kukatika?

Yote yameshatokea. Mwishoni mwa Januari 2008 nyaya za baharini zilikatika karibu na Alexandria, Misri, na uwezo wa intaneti wa India ukapungua kwa takriban nusu. Desemba 2015 mafuriko ya Chennai yalizilazimisha kampuni kuwapeleka wafanyakazi Bangalore. Machi 2020 India ilifunga nchi kwa notisi ya saa chache, na wakandarasi wakahangaika kuwapelekea watu kompyuta majumbani. Februari 2022 vita viliwakuta wahandisi wa Ukraine katikati ya mikataba. La kutia moyo ni kwamba mara nyingi kazi iliendelea, kwa sababu wakandarasi wazuri wana miji zaidi ya mmoja. Muulize wako ana mingapi, na alijaribu lini mara ya mwisho kuhama.

Tukijuta, tunaweza kuirudisha kazi nyumbani?

Inawezekana, kwa gharama. Novemba 2003 Dell iliacha kupeleka Bangalore simu za baadhi ya wateja wake wa kibiashara baada ya malalamiko. Septemba 2004 benki ya JPMorgan Chase ilivunja mkataba wa miaka saba na IBM, wa dola bilioni 5, ikiwa haijamaliza hata miaka miwili. Kubwa kuliko hayo ni General Motors: mwaka 2012, wakati kama asilimia 90 ya TEHAMA yake ilikuwa kwa wakandarasi, iliamua kuigeuza namba hiyo ili asilimia 90 ifanywe na watu wake, na ikaajiri maelfu.

General Motors ilikuwa na fedha za kufanya hivyo. Kampuni ya kawaida haina, kwa hiyo njia ya kurudi ipangwe siku ya kwenda: kipindi cha makabidhiano cha miezi sita mwishoni mwa mkataba, kwa bei iliyokwishaandikwa, na maelezo ya mfumo yanayosasishwa kila mwezi na kusomwa na mtu wako.

Akili mnemba haitaifanya mada hii yote ipitwe na wakati?

Inabadilisha bei. Kazi rahisi zilizokwenda ng'ambo kwa sababu zilihitaji mikono mingi, kama kujibu maswali yaleyale au kuandika majaribio, ndizo mashine zinazoziweza kwanza. Mkataba unaolipa kwa idadi ya watu utakuumiza hapo: mkandarasi atatumia mashine na wewe utaendelea kulipia vichwa. Uliza akiba hiyo inagawanywaje. Uliza pia kama programu na data zako zinalishwa kwenye zana za watu wengine.

Sisi ni wadogo, tunataka mhandisi mmoja au wawili tu. Tuanzie wapi?

Anza na kazi moja ndogo yenye mwisho, ya wiki nne hadi sita, na uilipe kwa bei kamili. Chagua kazi ambayo ikichelewa haitaumiza mteja. Angalia mtu anauliza maswali gani wiki ya kwanza. Anayekubali kila kitu bila swali, mwogope kidogo.

Hakikisha pia unayemwajiri ndiye unayemwona. Julai 2025 mahakama ya Marekani ilimfunga mwanamke mmoja wa Arizona zaidi ya miaka minane kwa kuwasaidia wafanyakazi wa Korea Kaskazini kujifanya Wamarekani na kupata kazi za TEHAMA kwa mbali. Alikuwa akitunza nyumbani kwake kompyuta walizotumiwa na waajiri. Kampuni zaidi ya 300 zilidanganywa, zikiwemo kubwa zenye idara nzima za uajiri. Fanya mahojiano kwa video zaidi ya mara moja, linganisha vitambulisho, na usikubali ombi la kutuma kompyuta kwenye anwani tofauti na ile iliyo kwenye nyaraka.

Mpe ruhusa ya kuingia kwenye kile anachokifanyia kazi tu. Siku anapoondoka, uzifunge ruhusa zake zote siku hiyohiyo, na mtu mwingine athibitishe kwamba zimefungwa.